Letuka Wawili

Ndugu yangu Letuka ana farasi, na farasi huyo anaitwa Letuka. Ukimuuliza sababu, atakwambia hakumpa jina lake yeye, hata kidogo. Alimpa jina la babu yetu, Letuka mkubwa, aliyepanda farasi hadi wiki aliyokufa. Kwamba yeye mwenyewe alipewa jina la babu huyohuyo, anadai hilo halikumjia akilini. Mimi ni dada yake mkubwa. Huyu nilimbeba mgongoni, na najua vizuri kinachomjia akilini na kisichomjia.

Alifanya kazi migodini, ng'ambo ya mpaka, miaka ishirini na miwili. Alirudi na kikohozi, redio na maoni. Redio iliharibika mwaka wa kwanza. Tangu hapo amekuwa bingwa wa farasi wa kijiji chetu. Kila Jumamosi anakaa langoni mwa zizi juu ya kreti ya bia iliyofudikizwa, blanketi begani, fimbo mkononi, anafundisha. Anamfundisha farasi, anamfundisha mwanawe, anawafundisha wapita njia. Kumwona juu ya farasi ni jambo jingine. Kwa miaka tisa nimemwona mara tatu, na mara moja kati ya hizo tulikuwa tunakwenda mazikoni na watu wawili walimshikilia huku na huku.

Aliyemlea farasi ni 'Malimpho, mke wa Pheello, mwana wa pekee wa Letuka. Pheello anashona suruali kiwandani mjini Maseru na huja nyumbani mwisho wa wiki, akiwa na mkate wa dukani na hofu ya baba yake. 'Malimpho amebaki kwetu miaka sita, na mtoto wao Limpho. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Halitamki akiwa na hasira, halitamki akiwa peke yake kisimani. Mimi nilipoolewa niliishi na jina la mkwe wangu limenikwama kooni miaka thelathini na moja. Alipokufa niliendelea kunyamaza kwa mazoea, hadi nilipofiwa na mume nikarudi hapa kwa wazazi wangu.

Basi siku Letuka alipomleta yule mwanafarasi mwekundu, akasimama katikati ya ua akamtangaza jina mbele yetu sote, nilimwona 'Malimpho akitua ndoo chini.

"Sasa mimi nitamwitaje, Ntate?" aliuliza, macho chini, kwani Ntate, yaani baba, ndilo pekee aliloruhusiwa kumwita.

"Huna haja ya kumwita," akasema Letuka. "Wewe mlishe tu."

Akamlisha miaka minne. Alimtafutia majani wakati wa theluji, alimkanda miguu kwa maji ya moto, alimpeleka mtoni na kumrudisha. Kama alimwita, alimwita kwa kumnong'oneza sikioni, na sisi wengine hatukusikia. Mimi sikumtetea siku ile. Nilicheka kama wengine, kwa sababu ilichekesha, na tangu hapo nimejionea aibu mara nyingi.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi ya kupasua midomo, Pheello na mkewe walikuja nyumbani kwangu baada ya chakula. 'Malimpho alikuwa na habari. Mama mwenye nyumba ya wageni kule kwenye maporomoko, anayewakodishia watalii farasi, alikuwa anatafuta mtu wa kuwaongoza milimani. Alimwona 'Malimpho akipita na farasi na akampenda hapohapo. Kazi ipo, chumba kipo, na karibu na hapo kuna shule ya Limpho. Lakini anataka jibu Jumatatu asubuhi. Ikipita, anamchukua mwingine.

"Naitaka kazi hii, Shangazi," alisema. "Naitaka mpaka sipati usingizi."

"Na mumeo?"

"Mimi sina neno," alisema Pheello. "Lakini lazima baba akubali. Nilifikiri labda wewe, Shangazi, ungeanza kumgusia..."

"Mimi ndiye nikamwombee mkeo ruhusa? Na hizo ndevu umefugia nini?"

Pheello alizishika ndevu zake kana kwamba alikuwa amezisahau. Yeye ni mtoto mwema, nampenda, lakini mbele ya baba yake anayeyuka kama siagi juani.

Sababu ya hofu ilikuwa hii. Letuka hakuwa mkatili. Alikuwa na starehe tu. Uji ulimkuta kitandani, maji yalimkuta mlangoni, farasi alimkuta ameshapigwa brashi, na vyote vililetwa na mikono ileile miwili. Nani ataachia hiyo kwa hiari yake? Na zaidi ya hayo, Jumapili ile kulikuwa na mashindano kwenye uwanja wa chifu, na Letuka alikuwa hasikii wala haoni.

Mashindano yenyewe hayakuwa ya mbio. Kukimbia hata punda anaweza akitishwa. Sisi tunashindania mwendo, ule mwendo wetu wa haraka na laini, ambapo kila mguu una zamu yake na mpandaji hatikisiki, anakaa kama yuko kwenye kochi. Farasi akivunja mwendo na kuanza kukimbia, anatolewa, hata kama yuko mbele ya wote.

Jumamosi asubuhi mafunzo yakaanza. Letuka alikaa kwenye kreti. Pheello alipandishwa juu ya farasi akakabidhiwa kikombe cha bati kilichojaa uji mchachu. Sheria ya baba yake ilikuwa kwamba azunguke zizi mara tatu bila kumwaga tone.

"Mgongo!" alipiga kelele Letuka. "Nyoosha mgongo! Magoti ndani! Usimtazame farasi, yeye anajua yuko wapi!"

Farasi alipiga hatua nne, na uji ulikuwa kifuani kwa Pheello. Kikombe kikajazwa tena. Safari hii uji ulimfika machoni.

"Letuka, mpumbavu wewe!" baba alimfokea farasi. "Letuka, kichwa kigumu! Unakula bure, Letuka, hufanyi lolote!"

"Hayo nayasema tangu ukiwa na miaka sita," nilimwambia.

Khoarai, jirani yetu, alikuwa ameshaegemea ukuta wa mawe tangu kulipokucha. Huyu akisikia mtu anaaibika huacha hata chai yake.

"Ntate Letuka," aliita, "hebu nisaidie. Anayefunzwa ni farasi, ni kijana, au ni uji?"

"Nyamaza, Khoarai. Wewe hata ng'ombe wako wanakudharau."

"Wananidharau, lakini sijawapa jina langu."

Letuka aliinuka kwa hasira akampiga farasi fimbo ya makalio. Farasi akaruka upande. Pheello alikwenda upande wa pili na kikombe chake, akatua juu ya mawe kwa nyonga. Hakuvunjika, lakini alipoinuka alitembea kama mzee aliyetoka kukutana na mganga wa mifupa. 'Malimpho alimshika mkono hadi ndani, kisha akatoka, akamfungua farasi kimya kimya akampeleka kisimani, kwa maana maji ya nyumba hayajali mafunzo ya mtu.

Mimi nilikuwa naanika blanketi kwenye mwamba ulio juu ya njia, na niliwaona wakirudi. Alikuwa amepanda bila tandiko, ndoo ya lita ishirini mbele yake, wazi, haina kifuniko, imejaa hadi ukingoni. Farasi alikuwa anakuja kwa ule mwendo, juu ya njia ya mawe, haraka, na mwanamke juu yake hatikisiki. 'Malimpho aliinama akasema kitu sikioni mwa farasi, naye akaongeza mwendo. Waliponipita nilichungulia ndani ya ndoo. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Miaka yote hii mtu anateka maji juu ya farasi, na sisi tunamtafuta mwalimu kwenye kreti!

Nilikwenda moja kwa moja kwa ndugu yangu nikamweleza nilichokiona.

"Unaona?" alisema. "Mafunzo ya asubuhi yameanza kumwingia."

Usiku tulikula ugali na mboga, tumezunguka moto. Khoarai alikuwepo, kwani jirani huyu hukaribishwa na harufu. Pheello alikalia nyonga moja, juu ya mto wa kulalia. Swali lilikuwa nani atapanda kesho.

"'Malimpho," nilisema.

"Mwanamke? Mbele ya chifu?" Letuka alicheka. "Dada, umezeeka."

"Chifu mwenyewe ni mwanamke."

"Chifu hashindani. Chifu anakaa kwenye kiti."

"Kama wewe," alisema Khoarai, akajimegea ugali.

Hilo lilimchoma. Letuka aliweka sahani chini akajifunga blanketi upya, kama mtu anayekwenda vitani. Atapanda yeye mwenyewe, alisema. Kabla ya migodi alikuwa akipanda kuanzia hapa hadi Semonkong, kule mbali, na kikombe cha chai mkononi, chai ikafika ya moto. Hakuna aliyemuuliza ni chai gani hiyo.

"Na mnisikie wote," aliendelea, kwa sababu mdomo ukishamfunguka haufungiki. "Letuka akishinda kesho, mtu yeyote wa nyumba hii aniombe chochote. Chochote! Nitampa palepale, mbele za watu. Khoarai, wewe ni shahidi."

"Mimi nimeshiba, nashuhudia lolote," alisema Khoarai.

Nilimtazama 'Malimpho upande wa pili wa moto. Alikuwa ameshika kijiko bila kula. Midomo yake ilikuwa inacheza taratibu, na nilijua alikuwa anaomba mkwe wake ashinde, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Jumapili uwanja wa chifu ulijaa. Blanketi za kila rangi, kofia za msonge, pombe ya mtama kwenye mapipa, theluji juu ya vilele na jua lisilo na joto. Farasi tisa. Njia ilikuwa kutoka kwenye kamba, mbele ya kiti cha chifu, hadi kwenye mwamba mmoja mkubwa ulio chini ya mteremko, kuuzunguka na kurudi kwenye kamba. Ndugu yangu alipandishwa na wanaume wawili, na ikabidi ile kreti ya bia iletwe kutoka nyumbani. Alipotulia juu ya tandiko alinyanyua fimbo kuwasalimu watu. Alikuwa amependeza, sitasema uongo. Mtu angepiga picha wakati ule, angedanganya vizazi.

Waliondoka. Kwenda, farasi wetu aliwafuata wenzake tu, mwendo mzuri, na Letuka akawa anaruka juu ya tandiko kidogo tu, kama gunia la mahindi kwenye gari. Wawili walivunja mwendo wakatolewa. Walipofika kwenye mwamba, wetu alikuwa wa tatu. Hapo ndugu yangu akaona ni wakati wa kuonyesha ubingwa. Akavuta hatamu kwa mikono yote miwili, akampiga fimbo, na wakati huohuo akambana kwa visigino. Yaani alimwambia asimame, aondoke na aruke, vyote kwa pamoja.

Farasi alichagua kusimama.

Wengine wakampita. Yeye akainamisha kichwa akaanza kutafuta majani chini ya mwamba.

"Letuka!" tulimsikia hadi juu. "Letuka, twende! Letuka, inuka! Letuka, unaniaibisha!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wanawake walishikana mabega. Hata chifu wetu, mama mzito asiyepoteza maneno, alijifunika mdomo kwa ncha ya blanketi. Khoarai alikuwa amekaa chini kabisa, hawezi kusimama.

'Malimpho pekee hakucheka. Alikuwa kando yangu, ameikamata kamba, na uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Kazi yake, chumba chake, shule ya mtoto, vyote vilikuwa pale chini ya mwamba vinakula majani.

"Mwite," nilimwambia.

"Shangazi, siwezi. Jina lake siwezi."

"Nani kasema jina lake? Mwite vile unavyomwita kisimani."

"Hilo ndilo siwezi zaidi."

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia maneno mengi, kuhusu miaka yangu thelathini na moja na jinsi inavyopita bila mtu kukushukuru, lakini muda haukuwepo.

"Mwanangu," nilisema, "nilinyamaza mimi. Ilitosha."

Akapanda juu ya ile kreti, akaweka viganja mdomoni, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu.

"Mvivu! Mvivu weee! Njoo, Mvivu wangu! Njoo nyumbani, mlafi wewe!"

Kicheko kilikatika kama kamba. Halafu watu wakaelewa. Wote wanajua farasi yule anaitwa nani, na wote wanajua anayepiga kelele ni mke wa nani. Nyuma yangu mtu alisema "Uwii!" na bibi mmoja akaziba masikio, ila kwa vidole vilivyoachana.

Chini kule farasi aliinua kichwa. Masikio yakasimama. Akageuka akiwa na ndugu yangu juu yake kama mzigo asioujali, akaanza kupanda mteremko kwa ule mwendo, laini, haraka, miguu minne kila mmoja na zamu yake. Letuka alikuwa ameachia hatamu, ameshika manyoya ya shingo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa hamfundishi mtu. Alikaa kama yuko kwenye kochi. Akampita wa sita, wa tano, wa nne. Wapandaji wa mbele walipomwona wakawachochea farasi wao, na wawili wakavunja mwendo palepale, wakaanza kukimbia, wakatolewa. Mvivu hakukimbia hata hatua moja. Alivuka kamba kichwa kimoja mbele, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kreti, akachomeka pua kwapani mwa 'Malimpho.

Vigelegele vilipasua anga. Chifu aliinuka na blanketi la mshindi mikononi.

"Jina la farasi?" aliuliza.

"Letuka," alisema ndugu yangu, kwa pumzi iliyobaki.

"Mvivu!" uwanja wote ukajibu.

Chifu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema, "Sawa," bila kusema ni lipi. Letuka aliteremshwa, akavikwa blanketi, na mtu huyu, ambaye dakika tano kabla alikuwa anambembeleza farasi, akavuta kifua na kusema kwamba siri ya mafanikio yake ni nidhamu.

Sikumwacha afike mbali. "Letuka," niliita, mimi ninayeruhusiwa, "jana ulisema nini mbele ya moto?"

"Nilisema mengi."

"Alisema chochote," Khoarai alipaza sauti kutoka pale chini alipokaa. "Mtu wa nyumba yake aombe chochote akishinda. Nilikuwa nakula, lakini masikio hayakuwa yanakula."

"Ahadi ni deni," alisema chifu, akakaa tena kusikiliza.

Pheello, na hili nitampa, alichechemea mbele akasimama kando ya mke wake. Alisimama tu, na kwake hiyo ni hotuba. 'Malimpho alipiga goti, akaomba kwa sauti ya kila siku, ile ndogo: ruhusa ya kwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wageni, kuanzia kesho, yeye na mtoto.

Ndugu yangu aliwatazama watu, na watu walimtazama yeye. Nadhani alitaka kukasirika kwa lile jina, lakini kukasirika kungemlazimu kulitaja.

"Na farasi?" alisema mwishowe. "Wewe ukienda, nani atamlisha farasi? Nani atamtekea maji?"

'Malimpho hakuinua macho. Heshima yake haikupungua hata chembe.

"Mwenye jina lake, Ntate."

Watu walivyocheka siku ile, nasikia wengine bado hawajamaliza. Letuka alisema ndiyo. Aliisema akiangalia milima, lakini aliisema, na chifu aliisikia.

Jumatatu waliondoka kabla jua halijapanda, yeye na Limpho na mfuko mmoja. Nililia kidogo, na si kwa huzuni. Saa moja baadaye nilikuwa dirishani nakunywa chai nikamwona ndugu yangu anatoka na ndoo, blanketi la ushindi begani, anakwenda zizini. Farasi alikuwa upande wa mbali kabisa, amempa mgongo.

"Letuka!" aliita. Farasi alitikisa mkia. "Letuka! Njoo hapa! Letuka, maji!"

Aliita mara saba, nilizihesabu. Kisha akageuka akatazama njia, akatazama kwa Khoarai, akatazama dirisha langu. Nilirudi nyuma ya pazia, na chai nusura inipalie.

"Mvivu," alisema, polepole, kwa sauti ya mtu anayetubu kanisani.

Farasi akaja.